Jina Lililopotea Si Mali Iliyopotea



Zamani kila nyumba ilikuwa na sanduku lake. Ndani ya sanduku hilo ziliwekwa hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa, barua za jamaa walio mbali na picha za harusi. Aliyetaka kitu alikwenda kwa mwenye ufunguo, akafunguliwa. Siku hizi nyumba nyingi zimeuhamishia urithi huo ndani ya kompyuta ndogo iliyowekwa pembeni, ambayo kazi yake ni moja tu: kutunza faili za watu wote wa nyumbani, na kumpa kila mmoja anachokitaka kwa njia ya mtandao wa nyumba. Kompyuta ya namna hii huitwa seva. Baba huifungua kutafuta risiti, watoto huweka humo kazi zao za shule, na mama huhifadhi picha zilizoijaza simu yake.

Basi siku moja, bila ya onyo, mtu huandika jina la seva kama alivyozoea, na kompyuta yake humjibu ya kuwa hakuna kitu chenye jina hilo. Kompyuta za Windows huandika nambari 0x80070035, na maana yake ni kwamba njia ya mtandao haikuonekana. Hapo ndipo fadhaa inapoingia nyumbani. Huyu asema diski imekufa. Yule asema kirusi kimekula kila kitu. Kijana wa nyumba huitwa, naye kwa kuwa hapendi kuonekana hajui, hufuta yote yaliyomo na kuweka programu upya. Seva huamka, jina huitika, na watu hufurahi. Lakini sauti ya babu aliyekwisha fariki, iliyokuwa imehifadhiwa katika diski ile, hairudi tena.

Ni jambo la kusikitisha sana ya kwamba katika visa kama hivi hasara haikuletwa na ugonjwa, bali ililetwa na dawa. Kwa hiyo katika makala haya twataka kuthibitisha jambo moja: kupotea kwa jina si kupotea kwa mali. Mwenye kulifahamu hilo hatagusa diski kabla hajajua ni kitu gani hasa kilichopotea.

JINA NA NAMBARI

Yafaa tufahamu kwanza ya kuwa kompyuta hazijuani kwa majina. Kila moja iliyomo katika mtandao wa nyumba hupewa nambari, mathalani 192.168.1.20, na ni kwa nambari hiyo tu ndipo huweza kufikiwa. Jina limewekwa kwa ajili yetu sisi wanadamu, kwani hatuna uwezo wa kukumbuka nambari nyingi. Kila mara tunapoandika jina, kompyuta hulazimika kwanza kuuliza: mwenye jina hili ana nambari gani? Akishajibiwa, ndipo safari yenyewe huanza. Asipojibiwa, safari haianzi kabisa, ijapokuwa seva iko pale pale, imewaka, na faili zote zimo salama.

Mfano wake ni mgeni anayefika mtaani akitafuta nyumba ya Bi. Salma. Akimkosa mtu wa kumwonyesha, atarudi alikotoka na kusema hakuipata. Je, kwa sababu hiyo nyumba ya Bi. Salma imebomoka? Hasha! Nyumba ipo, taa inawaka, na mwenyewe yumo ndani anamngoja mgeni wake. Kilichokosekana ni mwenye kuonyesha njia.

Jambo hili la kuonyesha njia lina historia yake. Mtandao wa kompyuta ulipokuwa bado mdogo huko Marekani, majina yote pamoja na nambari zake yaliandikwa katika orodha moja tu. Orodha hiyo ilitunzwa katika taasisi ya Stanford Research Institute, jimbo la California, katika ofisi iliyoongozwa na Bi. Elizabeth Feinler, na kila mwenye kompyuta aliichukua nakala yake kutoka huko. Kompyuta zilipozidi kuwa nyingi, orodha moja haikutosha tena. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni utaratibu uitwao DNS, ambao uligawa daftari hilo kuu kwa watunzaji wengi, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Utaratibu huo ndio unaoongoza intaneti hata leo.

Lakini daftari hilo la ulimwengu haliijui seva yako, wala haliwezi kuijua. Nambari zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu, kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1996, na nyumba nyingi mno duniani hutumia nambari zile zile. Kwa hiyo nyumba hazina budi kuwa na njia zao wenyewe za kujuana, na njia hizo ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuuliza ruta, kile chombo kigawacho mtandao nyumbani. Baadhi ya ruta huyaandika majina ya vyombo vilivyopewa nambari, na nyingine haziandiki. Njia ya pili ni ya kale, iitwayo NetBIOS, iliyoanza mwaka 1983. Hii ni kuita kwa sauti: kompyuta hunadi katika mtandao mzima, "Ni nani hapa aitwaye Hazina?" na mwenye jina hujibu, "Ni mimi, na nambari yangu ni hii." Jina la NetBIOS halipiti herufi 15. Njia ya tatu yafanana na hiyo ya pili, lakini ni mpya zaidi, na kanuni yake ilichapishwa mwaka 2013. Huitwa mDNS, na alama yake ni kwamba jina huongezewa .local mwishoni, kama vile hazina.local.

Seva nyingi za nyumbani hutumia programu iitwayo Samba. Programu hii ilianzishwa na Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi mjini Canberra, Australia, akaitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Jina lake alilipata kwa kutafuta katika kamusi neno lenye herufi S, M na B, kwa kuwa SMB ni jina la lugha ambayo kompyuta za Windows husema zinapogawana faili. Yapasa kukumbuka ya kuwa kugawa faili ni kazi moja, na kutangaza jina ni kazi nyingine. Katika Samba kazi hizi hufanywa na programu mbalimbali: moja huitwa smbd, nayo hutoa faili, ya pili huitwa nmbd, nayo huitika jina la NetBIOS. Kwa hiyo nmbd yaweza kulala huku smbd ikiwa macho, na hapo seva huwa mzima lakini bubu.

JINSI YA KUPELELEZA

Mtu aweza kuuliza: nitajuaje kama kilichopotea ni jina au ni seva yenyewe? Jibu lake ni jepesi. Iite seva kwa nambari yake.

Kwanza tazama kama imewaka na kama waya wake umeshika barabara. Kisha itafute nambari yake. Aweza mtu kuipata katika orodha ya vyombo iliyomo ndani ya ruta, au kwenye seva yenyewe kwa kuandika amri hostname -I, ikiwa seva hiyo yatumia Linux. Tuseme nambari ni 192.168.1.20. Sasa nenda kwenye kompyuta nyingine, si kwenye seva, ukaandike amri ping pamoja na nambari hiyo. Halafu jaribu kuzifungua folda zake kwa nambari badala ya jina. Katika Windows huandikwa \\192.168.1.20. Fanya majaribio yote mawili, kwa sababu ziko seva zisizoijibu ping lakini hutoa faili bila ya taabu.

Sasa yatazame majibu uliyoyapata. Ikiwa nambari imefungua folda na jina limekataa, mshukuru Mungu: mali yako ipo, na ugonjwa uko katika jina peke yake. Ikiwa nambari nayo haikujibu, tatizo si la jina, bali ni la waya, la mtandao, au la seva iliyozimika. Na ikiwa jina limeitika, lakini umekataliwa kuingia, basi jina halina kosa; utazame neno la siri na ruhusa ulizopewa.

Yako mambo matatu yanayowapoteza watu wengi hapa. La kwanza ni kutokusoma vizuri jibu la ping. Kompyuta ikisema haikuweza kumwona mwenye jina hilo, hapo jina ndilo lililokosekana. Bali ikisema muda umekwisha bila ya jibu, na huku imeonyesha nambari, jina limekwisha patikana. Kilichobaki ni kuangalia kama nambari ile ndiyo ya seva, au ni ya zamani. La pili ni ile amri iitwayo nslookup. Hiyo huuliza DNS peke yake, haiulizi njia ya kuita kwa sauti. Kwa hiyo yaweza kusema jina halipo, na huku jina lafanya kazi. La tatu ni maneno NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME. Mtu akiyaona hudhani jina la seva limeharibika, kumbe maana yake ni kwamba seva imepatikana, lakini folda aliyoitaja haimo ndani yake kwa jina hilo.

SABABU ZA JINA KUPOTEA

Sababu ya kwanza ni kubadilika kwa nambari. Ruta huzigawa nambari kwa muda, si kwa milele. Umeme ukikatika na kurudi, vyombo vyote huomba nambari upya, na seva yaweza kupewa nyingine. Lakini kompyuta yako bado yakumbuka ile ya zamani, nayo hubisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha hamwa. Dawa ya haraka ni kuisahaulisha: katika Windows amri ipconfig /flushdns hufuta kumbukumbu za DNS, na nbtstat -R, ikiandikwa na mwenye mamlaka ya kompyuta, hufuta za NetBIOS. Dawa ya kudumu ni kuingia katika ruta na kuitengea seva nambari moja isiyopewa chombo kingine. Nyumba zetu zimezoea kukatikiwa na umeme, kwa hiyo dawa hii ya pili isicheleweshwe.

Sababu ya pili ni jina lenyewe. Jina lipitalo herufi 15, au lenye nafasi katikati, au lenye alama zisizo za kawaida, laweza kueleweka kwa njia moja na kukataliwa kwa nyingine. Jina fupi la herufi za kawaida ndilo bora. Kadhalika hutokea seva mbili zikaitwa jina moja, hasa zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi ambazo hutoka zote zikiitwa raspberrypi. Ya pili ikiingia katika mtandao, hujiita raspberrypi-2 kwa njia ya mDNS, na mwenyewe huitafuta kwa jina lisilokuwa lake tena.

Sababu ya tatu ni kuwa katika mitandao miwili. Ruta nyingi hutoa mtandao wa wageni uliotengwa na wa wenyeji, na makusudi ya kutengwa huko ni mema. Lakini mtoto aliyeiunga simu yake na mtandao wa wageni hataiona seva, kwa kuwa wito wa NetBIOS na wa mDNS hauvuki kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ndivyo ilivyo pia palipo na ruta mbili, moja nyuma ya nyingine.

Sababu ya nne ni kuuliza mtu asiyejua. Wako wanaobadilisha mipango ya kompyuta zao ili ziulize daftari la nje, kama lile la 8.8.8.8, kwa kuambiwa ya kuwa lina kasi. Daftari hilo laijua intaneti, bali haliijui hazina iliyo chini ya meza yako. Ukilitegemea jina lililoandikwa na ruta, iache kompyuta iulize ruta. Au sivyo, itumie njia ya.local.

Sababu ya tano ni maandishi ya kale. Katika kila kompyuta kuna faili ndogo iitwayo hosts, ambayo ni mabaki ya ile orodha moja ya zamani tuliyoitaja. Kilichoandikwa humo hutangulia kuaminiwa kabla ya DNS kuulizwa. Aliyeandika humo nambari ya seva miaka miwili iliyopita, kisha akasahau, ameiachia kompyuta yake shahidi asemaye uongo. Na zaidi ya hayo, seva za Linux ya Debian huwa na mstari katika faili hiyo unaolipa jina la seva nambari 127.0.1.1, yaani yeye mwenyewe. Ndiyo sababu tulisema jaribio lifanywe kutoka kompyuta nyingine: seva kujijua yenyewe si ushahidi ya kuwa wengine wanaijua.

Sababu ya sita ni mlinzi mkali. Windows ikiuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa ni wa hadhara, kama wa hotelini, hufunga masikio yake isiitike wala isitafute wenziwe. Badilisha hesabu hiyo iwe mtandao wa faragha. Seva nayo ikiwa na mlinzi, yapasa iachiwe mlango 445 wa faili, 137 wa NetBIOS na 5353 wa mDNS, kwa watu wa nyumbani tu. Jihadharini sana msiifungue milango hiyo katika ruta kuelekea intaneti.

KUTOONEKANA SI KUTOKUWAPO

Kuna kisa kimoja kinachofaa kuelezwa peke yake, kwa sababu dawa yake ya mitaani ni ya hatari. Watu wengi hawaandiki jina la seva. Wao hufungua orodha ya kompyuta zilizomo katika mtandao na kulibonyeza. Katika Windows orodha hiyo kwa miaka mingi ilitegemea lugha ya kwanza ya SMB, iitwayo SMB1. Mwezi Mei, mwaka 2017, dunia iliona madhara ya lugha hiyo: programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilianza kuenea tarehe 12 Mei kwa kupitia udhaifu uliokuwamo katika SMB1 ya Windows, ikafunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fedha, na hospitali za Uingereza zikawa miongoni mwa walioumia. Mwaka huo huo Windows 10 mpya zikaanza kutolewa bila ya SMB1 kuwekwa humo kwa kawaida.

Matokeo yake, seva nyingi za Samba zilitoweka katika orodha, ijapokuwa ukiandika jina au nambari hufunguka. Wako wanaoshauri SMB1 irudishwe ili orodha ijae tena. Sisi twasema: msifanye hivyo. Huko ni kuufungua mlango wa nyuma kwa ajili ya kuliona jina juu ya mlango wa mbele. Iko programu ndogo iitwayo wsdd, ambayo huwekwa katika seva ya Linux na kuitangaza kwa njia mpya ambayo Windows za leo huitambua. Hiyo ndiyo dawa.

Mwingine atasema: ikiwa nambari haikosei, kwa nini tusiache majina na kutumia nambari peke yake? Jibu letu ni kwamba nambari ni mkongojo, si mguu. Bibi wa nyumba hatakumbuka 192.168.1.20, na ikibadilika kesho hatajua afanye nini. Aidha, maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwa jina hayatambuliwi ukiita kwa nambari, na mtu hudhani amefungiwa. Nambari itumike kwa kupelelezea na kwa dharura. Jina lirudishwe mahali pake.

NASAHA KWA VIJANA

Enyi vijana, ninyi ndio mnaoitwa jambo hili linapotokea, na wazee huwakabidhi vitu ambavyo thamani yake hamjaijua bado. Kukabidhiwa ni amana. Basi shikeni adabu tatu za fundi mwema. Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribuni. Anayebadilisha mambo matano pamoja hatajua lililoponya wala lililoharibu. Kabla ya kugusa faili ya mipango ya Samba, iitwayo smb.conf, ifanyieni nakala. Kisha tumieni amri testparm, ambayo huisoma na kuonyesha makosa ya maandishi bila ya kubadilisha kitu. Na la tatu, msifute diski kwa sababu ya jina. Hakuna hata sababu moja katika hizi sita inayoponywa kwa kufuta diski.

Wazee nao wana wajibu wao. Wekeni daftari dogo karibu na ruta, mkaandike humo jina la seva, nambari iliyotengewa, na mtu anayejua neno la siri. Na mali iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa, hata ikiwa jina laitika kila siku. Iwepo diski ya pili yenye nakala, iliyowekwa mbali na ile ya kwanza, kwani jina likipotea hurudishwa kwa saa moja, lakini diski ikifa kweli hakuna amri ya kuirudisha.

Mkiambiwa na kompyuta ya kuwa jina halijulikani, msilie kwanza. Tafuteni nambari, mkaite. Mara nyingi mtaikuta nyumba ipo, taa inawaka, na kila kitu kimo mahali pake, kinangoja tu mtu wa kuonyesha njia.